Senti Nane na Nusu za Barabara
Jinsi baraza la jimbo la Minnesota lilivyompinga gavana wake ili kupata fedha za madaraja

Mkulima aweza kulima vizuri, kupalilia kwa wakati na kuvuna magunia mengi, lakini kama njia ya kwenda sokoni ni mbovu, faida yake humwagika njiani. Kwa sababu hiyo watu wa kila nchi hudai barabara njema. Walakini waulizwapo ni nani atakayezilipia, wengi hunyamaza. Shauri hilo ndilo lililowakabili wajumbe wa baraza la kutunga sheria la Minnesota, jimbo mojawapo la kaskazini ya Marekani, katika kikao chao cha mwaka 2008. Jinsi walivyolikata ni habari imfaayo kila mtu alipaye kodi.

MFUKO WA BARABARA

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, baraza lake na hazina yake. Baraza la Minnesota hukutana katika mji wa St. Paul, nalo lina nyumba mbili: nyumba ya Wawakilishi yenye wajumbe 134, na Seneti yenye wajumbe 67. Mswada ukikubaliwa na nyumba zote mbili hupelekwa kwa gavana. Akiutia sahihi, huwa sheria. Akiukataa, hurudishwa barazani, wala hauwezi kuwa sheria isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wa kila nyumba waukubali tena.

Katika jimbo hilo fedha za barabara kuu hazichanganywi zote na fedha za shule na hospitali. Katiba yaamuru kwamba kodi itozwayo juu ya petroli ya magari ya barabarani itumiwe kwa barabara tu. Sehemu ndogo, yaani 5 kwa mia, hutengwa kwanza. Zilizobaki hugawanywa hivi: 62 kwa mia ni za barabara kuu za jimbo, 29 kwa mia ni za barabara za wilaya, na 9 kwa mia ni za barabara za miji. Kwa njia hiyo mkulima ajazaye petroli katika lori lake ajua kwamba fungu la fedha zake litarudi katika barabara ya wilaya, hata kama hapiti kamwe katika mji mkuu.

Mpango huo ni mzuri, lakini ulikuwa na udhaifu mmoja. Kodi hiyo ilitozwa kwa senti kadhaa katika kila galoni, ambayo kwa kipimo cha Kimarekani ni kasoro kidogo ya lita 4, wala haikufuata bei ya vitu. Tangu mwaka 1988 ilikuwa senti 20, na miaka 20 baadaye ilikuwa bado senti 20. Katika muda huo bei ya lami, saruji na chuma, pamoja na mishahara ya wafanyakazi, ilizidi kupanda. Senti zilikuwa zile zile, lakini zilitengeneza maili chache zaidi kila mwaka.

GAVANA AKATAA MARA MBILI

Wajumbe wengi waliona upungufu huo. Mwaka 2005 baraza lilipitisha mswada wa kuongeza kodi ya petroli, na Gavana Tim Pawlenty wa chama cha Republican akaukataa. Mwezi wa Mei 2007 baraza likaleta mswada mwingine, naye akaukataa huo pia. Alikuwa amewaahidi wapiga kura kwamba hataongeza kodi, na aliona ni afadhali jimbo likope fedha za kujengea barabara kuliko kuwatwika watu mzigo mpya.

Haifai kumdharau kwa neno hilo. Kodi ya petroli haimbagui tajiri na maskini. Mwenye gari kuukuu aendaye kazini mbali hulipa sawasawa na mwenye mali, wala hana fedha za akiba. Lakini na upande wa pili ulikuwa na neno lake: deni nalo ni kodi, ila hulipwa na watoto.

DARAJA LAANGUKA

Tarehe 1 Agosti 2007, yapata saa 12 ya jioni, wakati watu walipokuwa wakirudi nyumbani kutoka kazini, daraja kubwa la barabara iitwayo I-35W katika mji wa Minneapolis lilivunjika na kuanguka katika mto Mississippi. Watu 13 walikufa na 145 waliumia. Basi lililojaa watoto lilikwama kando ya ukingo wa daraja, na wote waliokuwamo wakaokoka. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1967, na magari kama 140,000 yalikuwa yakilipita kila siku. Tangu mwaka 1990 wakaguzi walikuwa wameliandika katika orodha ya madaraja yenye upungufu.

Huzuni ilipopungua, swali la fedha lilirudi kwa nguvu. Gavana mwenyewe alisema hapo kwanza kwamba yu tayari kulifikiri jambo la kodi, lakini baadaye akarudi katika msimamo wake wa zamani.

KIKAO CHA 2008

Kikao kilifunguliwa katika mwezi wa Februari 2008, na mswada wa barabara ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza. Katika nyumba ya Wawakilishi uliletwa na Bernard Lieder wa Crookston, katika nchi ya wakulima kaskazini-magharibi ya jimbo. Mzee huyo, kabla ya kuingia barazani, alikuwa mhandisi wa barabara wa wilaya, na habari za changarawe na madaraja hakuzijua kwa kusoma tu.

Mswada ulitaka kodi ya petroli iongezwe senti 5, pamoja na senti 3 na nusu za kulipia mikopo ya barabara na madaraja. Nyongeza hizo zingeletwa kidogo kidogo mpaka kodi yote ifike senti 28 na nusu. Wilaya za Minneapolis na St. Paul na jirani zake zingeruhusiwa kutoza robo senti katika kila dola ya bidhaa, kwa ajili ya mabasi na reli. Watu wenye mapato madogo wangepewa nafuu kidogo katika kodi nyingine. Kwa jumla zilitazamiwa kupatikana dola kama milioni elfu 6 na mia 6 katika miaka 10. Chama cha wafanyabiashara cha jimbo, ambacho kwa desturi hakipendi kodi, kiliunga mkono, kwa kuwa mali ikichelewa njiani hasara ni yao.

Nyumba zote mbili zilikubali. Tarehe 22 Februari gavana akakataa kwa mara ya tatu.

KURA MOJA ZAIDI

Tarehe 25 Februari mswada ulirudi barazani. Katika nyumba ya Wawakilishi zilitakiwa kura 90. Chama cha Demokrati, ambacho katika jimbo hilo hujiita chama cha Wademokrati, Wakulima na Wafanyakazi, kilikuwa na wajumbe 85 tu. Basi haikuwezekana kushinda bila ya watu wa chama cha gavana mwenyewe.

Kura zilipohesabiwa, 91 zilikubali na 41 zilikataa. Wajumbe 6 wa Republican walikuwa wamevuka upande wa pili: Jim Abeler, Ron Erhardt, Rod Hamilton, Bud Heidgerken, Neil Peterson na Kathy Tingelstad. Seneti nayo ilikubali kwa kura 47 dhidi ya 20. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Gavana Pawlenty kushindwa namna hiyo.

Wale 6 walilipa gharama yao. Chama chao kiliwavua vyeo barazani, na ulipofika uchaguzi wa mwaka huo, wawili hawakusimama tena na wawili wengine walishindwa. Abeler na Hamilton peke yao ndio waliorudi. Kwa hiyo senti 8 na nusu hazikulipwa na wenye magari peke yao.

BAMBA LA NUSU INCHI

Mwezi wa Novemba 2008 wachunguzi wa Serikali kuu ya Marekani walitangaza sababu ya ajali. Mabamba ya chuma yaliyounganisha nguzo za daraja yalikuwa na unene wa nusu inchi, hali yalipasa kuwa inchi moja. Lilikuwa kosa la wachoraji wa ramani tangu mwanzo. Kisha zege iliyoongezwa miaka iliyofuata, na vifaa vya mafundi waliokuwa wakitengeneza barabara siku ile, vililemeza daraja kupita nguvu zake.

Baadhi ya watu walisema kwamba basi kodi haikuhitajiwa. Ni kweli kwamba uhaba wa fedha siyo uliokosea hesabu ya mabamba. Lakini madaraja mengine yaliyochakaa hayakupona kwa sababu ya habari hiyo. Sheria ile iliamuru madaraja dhaifu yaorodheshwe na kushughulikiwa katika muda wa miaka 10, na kazi hiyo ilifanywa. Daraja jipya la I-35W lilikuwa limekwisha funguliwa tarehe 18 Septemba 2008, hasa kwa fedha za Serikali kuu.

Ule udhaifu wa zamani ulibaki mpaka mwaka 2023, baraza lilipoamua kwamba kodi ya petroli ifuate kupanda kwa gharama za ujenzi tangu mwaka 2024. Pia liliweka ada ya senti 50 kwa vitu vingi viletwavyo nyumbani, kama thamani yake yafika dola 100, kwa kuwa magari yaletayo vitu hivyo nayo hula barabara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Minnesota waliuona ufa kwa miaka mingi, wakabishana juu ya bei ya udongo wa kuzibia. Mwananchi amsikiapo mjumbe wake akiahidi barabara, amwulize maswali mawili: fedha zitatoka wapi, na yeye mwenyewe atapiga kura gani siku ya kuzitoa?