GOTI LA CHUMA NA NGOZI INAYOKATAA CHUMA



Katika mkutano wa tawi letu hapa Jinja, mzee mmoja mwanachama wetu wa siku nyingi alisimama akaomba ushauri. Mzee huyu ni mwashi. Amefanya kazi miaka 26 katika kiwanda cha sukari, akijenga kuta na kutengeneza sakafu, na kazi ya sakafu hufanywa kwa kupiga magoti. Goti lake la kulia limekwisha. Hospitali imemwambia kwamba dawa za maumivu hazitamfaa tena, na dawa iliyobaki ni kutiwa goti la bandia. Naye amekataa. Alisema, "Saa ya mkononi tu siwezi kuivaa siku mbili, ngozi inawasha na kutoa maji. Sasa mnataka kunitia chuma ndani ya mfupa. Hicho nitakivua vipi?"

Baadhi ya watu walicheka, lakini swali lile ni la haki kabisa. Mimi si daktari, na shule yangu iliishia darasa la saba. Ila nilimsindikiza mzee kwa madaktari mara nne, nikauliza, nikaandika katika daftari, na nilipokosa kuelewa nikauliza tena. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Kwanza goti lenyewe. Ncha za mifupa yetu zimefunikwa na gegedu, kitu laini na chenye kuteleza kama kile tunachokiona kwenye mguu wa kuku. Gegedu ikilika, mfupa husaga mfupa. Daktari mpasuaji hukata sehemu nyembamba ya mfupa ulioharibika, akauvika mfupa wa paja kofia ya chuma, akaweka sahani ya chuma juu ya mfupa wa muundi, na katikati yao akatia plastiki ngumu. Kwa nyonga, aliyeifanya kazi hii ikasimama imara ni daktari John Charnley wa Uingereza, mwaka 1962. Yeye alitumia fimbo ya chuma kisichoshika kutu na kikombe cha plastiki. Leo mapasuo haya hufanywa hata katika nchi zetu: Muhimbili kule Dar es Salaam, Kikuyu kule Kenya, na Malawi wana daftari la taifa la kuandika viungo vya bandia tangu mwaka 2005.

Tunasema "chuma", lakini si chuma kimoja. Kofia ya goti la kawaida huwa ni mchanganyiko wa kobalti, kama sehemu 60 katika 100, na kromu kama sehemu 28, na madini mengine kidogo, nikeli ikiwa chini ya sehemu 1. (Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa na ndugu zetu wa Kongo, pande za Kolwezi. Sijui wangapi kati yao watapata goti jipya yao yakiisha.) Chuma kisichoshika kutu, ambacho hutumika sana katika vyuma vya kuunga mifupa iliyovunjika, kina nikeli sehemu 10 hadi 15 katika 100. Halafu kuna titani, ambayo ngozi za watu wengi hazina ugomvi nayo.

Sasa huo ugomvi wa ngozi. Waganga huuita mzio. Chuma kikikaa na jasho hutoa vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, navyo huingia katika ngozi. Kwa watu wengi hakuna linalotokea. Kwa wengine, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, humshika mgeni huyo na kumwandika kuwa adui. Zikisha kumwandika hazimsahau. Kila akirudi, baada ya siku moja au mbili ngozi huwasha, huvimba, hutoa vipele na maji. Kwa sababu ya kuchelewa huko mtu hulaumu sabuni ya leo, na kumbe kosa ni la kitu cha juzi.

Nikeli ndiyo inayokataliwa na watu wengi zaidi, hasa wanawake waliovaa hereni za bei rahisi tangu utotoni. Dalili nyingine ni kipele chini ya kitovu, pale kifungo cha suruali au kichwa cha mkanda kinapogusa. Lakini sisi watu wa kazi tuna njia nyingine za kuupata mzio huu. Wanaopaka vyuma nikeli viwandani hukutana nayo kila siku. Wanaotengeneza ngozi za ng'ombe kwa dawa hukutana na kromu. Na mwashi hukutana na kromu pamoja na kobalti ndani ya saruji mbichi.

Mzee alipelekwa kwa daktari wa ngozi mjini kupimwa. Kipimo chenyewe ni rahisi ila kinataka uvumilivu. Hubandikwa vibandiko vidogo mgongoni, kila kimoja kikiwa na dawa ya kitu kimoja, vikakaa siku mbili. Vikabanduliwa, mgongo ukatazamwa, na baada ya siku mbili nyingine ukatazamwa tena. Muda wote huo mgongo usilowe maji wala jasho. Maana yake ni kwamba mtu huyo hawezi kukata miwa, kubeba magunia wala kusimama mbele ya tanuri. Hapo palitokea ubishi: msimamizi wake alitaka kumhesabu mtoro kwa juma zima, akisema mtu mwenye bandeji ndogo mgongoni si mgonjwa. Ilibidi tupeleke barua ya daktari kwa ofisi ya wafanyakazi. Basi mwenye kwenda kupimwa aombe barua hiyo kabla ya kubandikwa. Na kama unameza vidonge vya predinisoloni, mwambie daktari, kwani huweza kuficha majibu.

Majibu yalitushangaza sote. Nikeli: hakuna kitu. Kromu: ngozi ilivimba sana. Kobalti: ilivimba pia. Tukauliza, na saa ile? Daktari akaomba aione. Chuma cha saa hakikuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa mkanda wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi nyingi za madukani hulainishwa kwa dawa ya kromu. Na ile mikono iliyopasuka miaka yote ilitokana na saruji.

Hapo nami nina kosa langu. Nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika karakana yao, mzee alinionyesha mikono yake. Msimamizi wa wakati ule akaniambia ni uchafu, mtu hanawi vizuri, nami nikaliacha jambo lipite. Sikudai aandikwe katika kitabu cha zahanati ya kiwanda. Leo tunataka fidia, na tunaulizwa maandishi ya miaka ile yako wapi. Magonjwa ya ngozi ya mzio yatokanayo na kazi yamo katika orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010, na vilevile kuharibika kwa vikingio vya ndani ya goti kwa ajili ya kazi ya kuchuchumaa na kupiga magoti. Orodha hiyo ni msaada, lakini bila tarehe na mhuri wa zahanati mwajiri atasema ulikuja nayo kutoka nyumbani.

Isitoshe, ugonjwa huu una kinga. Denmark, tangu mwaka 1981, huchanganya dawa ya chuma katika saruji ili kuivunja nguvu kromu, na nchi za Jumuiya ya Ulaya tangu Januari 2005 zimekataza saruji ya kutumiwa kwa mikono yenye kromu ya kuyeyuka zaidi ya sehemu 2 katika milioni. Sisi tunaweza kuanza kwa kudai glavu za mpira na maji ya kunawa karibu na kazi.

Turudi kwenye goti. Je, mtu ambaye ngozi yake inakataa kobalti atalikataa na goti la kobalti? Hapa msidanganywe na mtu yeyote anayejibu haraka. Ngozi ni mlango wenye askari wengi, na ndani ya mfupa si kama mlangoni. Watu wengi wenye mzio wa ngozi wamewekewa vyuma hivyo na hawakudhurika. Denmark walilinganisha daftari la waliopimwa mizio na daftari la waliotiwa nyonga za bandia, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba wenye mzio hawakurudishwa kupasuliwa zaidi ya wengine. Lakini wako wachache ambao baada ya kupasuliwa hupata vipele, uvimbe na maumivu yasiyokwisha. Ndiyo maana madaktari wenyewe hawako na kauli moja kama kila mgonjwa apimwe. Wanalokubaliana wengi ni kwamba mwenye historia ya ngozi kukataa chuma aseme mapema, kwa sababu vipo viungo vya zirkoni na vya titani, au vya kobalti iliyofunikwa kwa tabaka gumu. Vina gharama zaidi na mara nyingi huagizwa kutoka nje. Kabla ya kupasuliwa hilo ni jambo la kuagiza. Baadaye ni jambo la kupasuliwa mara ya pili.

Na aliyekwisha kutiwa goti, likauma na kuvimba, asikimbilie kusema ni mzio. Kwanza apimwe kama kuna wadudu walioingia kidondani au kama kiungo kimelegea. Hayo hutokea zaidi kuliko mzio, na wadudu hawangoji.

Mzee alishtuka tena aliposikia kwamba vyuma hugandishwa kwa "saruji". Mpasuaji akacheka akamweleza kwamba saruji ya mfupa ni jamaa ya plastiki, haina uhusiano na ile ya mifukoni wala haina kromu. Ila huweza kutiwa dawa ya kuua wadudu iitwayo jentamaisini, kwa hiyo anayedhurika na dawa hiyo aseme. Aseme pia kama aliwahi kuungwa mfupa kwa chuma na kidonda kikamsumbua.

Mpasuaji alisema pia kwamba kati ya magoti 100 ya bandia, kama 80 hudumu miaka 25. Mzee alihesabu kwa vidole, akauliza kama baada ya hapo ataweza kupiga magoti kanisani. Jibu lilikuwa kwamba wengi huweza kidogo, juu ya kitu laini, lakini kazi ya sakafu basi.

Amekubali. Goti la zirkoni limeagizwa, na kiwanda kimekubali kulipa gharama ya goti la kawaida tu. Tofauti inayobaki bado tunaijadili na ofisi, na dai la mikono liko kwa afisa wa kazi wa wilaya. Wawili waliofanya naye kazi ya sakafu wamejitokeza kuandika ushahidi kwamba waliiona mikono ile ikipasuka.