Shadda ya Kihispania kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania huanza na faida ambayo papo hapo humtega. Katika Kiswahili, shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ila katika maneno machache kama vile barabara kwa maana ya 'sawasawa', ambapo hurudi nyuma silabi moja. Kihispania nacho mara nyingi hufuata mkondo uo huo. Neno likiishia kwa irabu, kwa n au kwa s, shadda huwa pale pale tulipoizoea: casa (nyumba), hablan (wanazungumza). Likiishia kwa konsonanti nyingine, shadda huhamia silabi ya mwisho: hablar (kuzungumza), ciudad (mji). Neno linalokiuka kanuni hizi huandikwa alama juu ya irabu yenye shadda, na alama hiyo si pambo. Hablo ni 'ninazungumza', habló ni 'alizungumza'. Anayeyatamka yote mawili kwa lafudhi ya Kiswahili amekwisha kubadilisha nafsi na wakati bila kujua.

Hata hivyo, shadda haipatikani kabla ya silabi kuhesabiwa, na hapa ndipo penye ugumu. Kwetu kila irabu ni silabi: ka-u-ka. Katika Kihispania, i na u ni irabu dhaifu. Zikipakana na a, e au o, huungana nazo katika silabi moja. Kwa hivyo cau-sa (sababu) ina silabi 2, si 3. Irabu a, e na o zenyewe haziungani: te-a-tro. Irabu dhaifu ikibeba shadda karibu na hizo, hujitenga na kutiwa alama, kama katika pa-ís (nchi). Ndiyo maana jina Ma-rí-a lina silabi 3 ilhali Ma-rio lina 2.

La kuvutia zaidi, kwa maoni yangu, ni wingi wa nomino. Sisi tukirefusha neno, shadda husogea: katika kitabu iko kwenye -ta-, katika kitabuni iko kwenye -bu-. Mhispania huiacha mahali pake, kisha hurekebisha maandishi. Joven (kijana) huwa jóvenes. Alama imeongezwa kwa kuwa shadda sasa iko silabi ya tatu kutoka mwisho. Canción (wimbo) huwa canciones; alama imetoweka kwa kuwa shadda imejikuta pale kanuni inapoitarajia. Maneno machache sana hukaidi, mathani carácter (tabia), ambalo wingi wake, caracteres, husogeza shadda mbele kama kwamba ni neno la Kiswahili.