Ziwa linafungwa, deni linaendelea: zijue haki zako ukidaiwa

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kibirizi, Katonga na Ujiji mitumbwi ilikaa nchi kavu, lakini marejesho ya mikopo hayakusubiri dagaa warudi.

Tufanye hesabu. Umekopa shilingi 200,000 za nyavu. Kiwango cha juu cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu riba ni shilingi 21,000. Mkopeshaji wa "kausha damu" akikutoza asilimia 30 kwa mwezi, riba ni shilingi 180,000, karibu sawa na mkopo wenyewe.

Marekani, mwananchi wa kawaida aliyelemewa na bili za hospitali au kadi za mkopo huenda mahakamani kuomba kutangazwa amefilisika, na madeni mengi yakafutwa ndani ya miezi michache. Tanzania nayo ina Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na ombi hupelekwa Mahakama Kuu. Lakini kwa deni la laki mbili, gharama za kesi zinaweza kuzidi deni.

Kinga iliyo karibu nawe ni nyingine. Mkopeshaji hawezi kujichukulia mali ambayo hukuiweka dhamana. Lazima ashinde kesi kwanza. Hata akishinda, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 48, inazuia kukamatwa kwa nguo, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia, zana za fundi, na nyumba mnayoishi. Nyumba uliyoiweka rehani ni suala jingine, ila nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Kabla ya kukopa, iwe ofisini au kwa simu, fanya haya:

- Uliza leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali.
- Soma mkataba, ubaki na nakala.
- Usikabidhi kadi ya benki wala namba ya siri.
- Uliza halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Ukishindwa kulipa, usikimbie. Nenda mapema, omba ratiba mpya, na iandikwe.