Jani Linanata? Mtafute Mdudu Juu Yake

Mmea wa jedi hukaa miaka mingi dirishani bila kulalamika, mpaka siku mwenyewe anapangusa vumbi na kitambaa kinagandia jani. Meza iliyo chini ya chungu nayo ina matone makavu yanayong'aa. Wengi hudhani mmea una kiu au njaa, wakauongezea maji na mbolea. Tiba zote mbili zina madhara. Mmea huu wa Afrika Kusini na Msumbiji, Crassula ovata kwa jina la kitaalamu, huweka akiba ya maji majanini, na ukimwagiliwa kupita kiasi mizizi huoza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo huchipusha majani teketeke, yale hasa wanayoyapenda wadudu wafyonzaji.

Maana kinachonata ni kinyesi chao. Mdudu hutoboa mirija inayosafirisha chakula cha mmea, ambamo sukari ni tele ila viini vya protini ni haba. Ili apate protini ya kumtosha hulazimika kunywa sana, na sukari inayozidi huitoa nyuma. Sukari hiyo hudondoka. Ndiyo sababu jani linalonata huenda halina mdudu hata mmoja: mwenye kosa yuko juu yake, na ukaguzi uanzie huko.

Kwanza yachunguzwe makwapa ya majani. Nyuzi nyeupe mithili ya pamba ni dalili ya vidung'ata, ambao kwa mimea ya ndani ndio wasumbufu wakubwa. Vinundu vya kahawia vilivyoshikamana na shina, vinavyobanduka kwa ukucha, ni wadudu magamba wenye ngozi laini. Vidukari hujazana kwenye vichipukizi na mabua ya maua. Utitiri na magamba yenye ngao ngumu hawatoi sukari, kwa hiyo jani lenye madoa lakini kavu lina ugonjwa mwingine. Vipo pia vidoa vyeupe vigumu vinavyojipanga juu ya jani la jedi. Hivyo ni chumvi ya maji iliyotokea kwenye vitundu vya jani lenyewe, na kitambaa chenye unyevu hutosha kuviondoa.

Chungu kilichowekwa barazani chini ya mwembe ni kesi ya pekee. Miembe ya Kenya na Tanzania ina vidung'ata wake, na anayeegesha gari chini yake anajua kioo kinavyonata. Chungu kikisogezwa na majani yakaoshwa, tatizo linaweza kuishia hapo.

Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wafuatwe. Wanakwenda kunywa sukari hiyo, na kwa malipo huwafukuza maadui wa vidung'ata. Masizi meusi majanini ni ukungu unaokula sukari tu; hauingii ndani ya jani, lakini huliziba lisipate mwanga.

Chungu kitengwe na vingine siku hiyohiyo. Kijiti cha pamba kichovywe kwenye spiriti ya asilimia 70 na kila mdudu aguswe, kwa sababu spiriti hupenya nta inayomkinga. Kisha majani yaoshwe kwa maji. Sabuni na mafuta ya mwarobaini husaidia, ila jedi ni miongoni mwa mimea ambayo sabuni inaweza kuunguza majani yake, basi ijaribiwe kwenye jani moja kwanza na mmea usiwekwe juani. Anayesafisha waridi la jangwani kwa njia hiyohiyo avae glavu: utomvu wake ni sumu, na Wahadzabe wameutumia kwenye mishale.

Kazi hii irudiwe kila wiki kwa mwezi mzima au zaidi. Kidung'ata jike hutaga mamia ya mayai ndani ya mfuko wa nta, na dawa ya leo haiyafikii yote. Wadudu wakizidi kurudi, mmea ung'olewe chunguni. Unga mweupe kwenye mizizi unaonyesha wako ardhini, na hapo udongo wote utupwe, mizizi ioshwe.

Kupuliza dawa kali barazani kuna hasara, kwani huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidung'ata. Nguvu ya nyigu hao inajulikana Afrika. Kidung'ata wa muhogo alipoingia Kongo miaka ya 1970 na kutishia chakula cha mamilioni, mtaalamu wa wadudu Hans Herren na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walileta nyigu kutoka Paraguai, wakaanza kuwaachilia nchini Nigeria mwaka 1981. Mdudu alidhibitiwa, na Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Jani lililokwisha kunata halijisafishi, kwa hiyo kuosha ni kipimo pia. Majani yakikaa makavu mwezi mzima baada ya kuoshwa, chungu kinaweza kurudi karibu na vingine.