Mafunzo ya Biashara kwa Kompyuta: Yanafaa Wapi, Yanakwama Wapi

Ukiuza samaki Kalokol, ukiwa na kibanda Kakuma au ukichuuza nguo sokoni Lodwar, huenda umewahi kualikwa kwenye mafunzo ya biashara yanayofundishwa kwa kompyuta au simu. Mengine ni ya bure, mengine yana ada. Yote huchukua muda, na muda wa mfanyabiashara ni sehemu ya mtaji wake. Kwa hivyo ni haki kuuliza: baada ya masomo hayo, je, faida huongezeka?

Swali hili linaihusu kaunti moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya mashinani, pamoja na ukuzaji wa biashara, masoko na vyama vya ushirika.

Tuanze na kazi ambayo kompyuta huifanya vizuri, nayo ni hesabu. Chukua mfano huu, ambao bei zake ni za kuelezea tu. Mama ananunua samaki wa Sh8,000 pale Longech, kwenye Ghuba ya Ferguson, anawakausha na kuwauza Lodwar kwa Sh10,500. Kichwani mwake amepata Sh2,500. Toa chumvi ya Sh400, toa nauli na mzigo Sh1,000, zimebaki Sh1,100. Ikiwa mteja mmoja alichukua samaki wa Sh1,500 kwa deni na hajalipa, mama huyo amerudi nyumbani na Sh400 pungufu ya alizotoka nazo.

Programu nzuri ya mazoezi humwonyesha hayo papo hapo. Anaweza kubadilisha bei, nauli au deni mara ishirini na kuona matokeo bila kupoteza samaki hata mmoja. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hana nafasi ya kurudia hivyo kwa kila mmoja. Tena wapo watu wazima wanaoona haya kuuliza mbele ya vijana darasani, lakini hawaoni haya mbele ya simu yao.

Hata hivyo, kujua hesabu ni jambo moja na kupata faida ni lingine. Hapa Kenya limechunguzwa, na matokeo yake yafaa kujulikana.

Huko Dandora, Nairobi, watafiti waliwagawa wanawake wenye biashara changa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa darasani. Lingine lilikutanishwa na wanawake wenye uzoefu wa biashara kutoka mtaa uo huo, mmoja kwa mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018: masomo ya darasani hayakuongeza faida, ilhali waliopata mshauri waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20. Siri kubwa ilikuwa ndogo sana. Washauri waliwaonyesha mahali pa kununua bidhaa kwa bei nafuu. Walipoacha kukutana, faida hiyo nayo ilififia.

Utafiti mwingine ulihusu kompyuta yenyewe. Mwaka wa 2023, wafanyabiashara wadogo 640 wa Kenya walihusishwa katika jaribio la mshauri wa akili unde, yaani programu inayojibu maswali kama mtu, kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakukuwa na tofauti yoyote. Lakini wastani huo ulificha jambo zito: waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa takriban asilimia 15, na waliokuwa wakihangaika walishuka kwa karibu asilimia 8. Wote walishauriwa na programu ile ile. Tofauti ilikuwa katika kuchagua ushauri wa kufuata. Waliohangaika walielekea kushika ushauri wa jumla, kama vile kupunguza bei na kulipia matangazo.

Sasa fikiria ushauri huo ukifika Kalokol. Bei ya samaki hapa huamuliwa na upepo uliozuia mashua, na lori lililokuja au lisilokuja. Punguza bei siku ambayo lori limekosekana na utakuwa umegawa mtaji wako. Mwenye uzoefu atalicheka shauri hilo na kuuliza swali lingine. Anayeanza atalitii.

Wazee wa Kalokol wanakumbuka kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway. Mipango ilikuwa mizuri kwenye karatasi, lakini gharama ya kugandisha samaki katika joto hili ilikuwa kubwa mno, na katika miaka ya 1980 maji yakaihama ghuba yenyewe. Hesabu haiwezi kujua lisiloingizwa ndani yake.

Kuna aina ya mafunzo ambayo hatupaswi kuichanganya na haya. Katika kampasi ya Startup Lions, karibu na ziwa, iliyokamilika 2021 kwa mchoro wa Francis Kéré (minara yake ya kupitisha hewa hufanana na vichuguu vya mchwa), vijana hujifunza kazi za kompyuta zinazouzwa kupitia intaneti. Pale kompyuta ndiyo biashara yenyewe. Haiwafundishi kuuza samaki.

Kwa mtazamo wetu, basi, mafunzo ya kompyuta yanafaa kwa kuweka rekodi na kufanya mazoezi ya hesabu, mradi kuna mtu wa kuandamana na mwanafunzi. Mtu huyo si lazima awe na shahada. Muuza jumla wa Kakuma aliyevuka miaka kumi sokoni anajua mambo ambayo hakuna programu iliyowahi kuambiwa.

Kabla ya kujiandikisha, uliza kama utaleta daftari lako mwenyewe au utafundishwa kwa mifano ya duka la mjini. Uliza lugha: je, kuna maelezo ya sauti kwa Kiturkana au Kiswahili kwa asiyesoma? Uliza masomo yanahitaji bando kiasi gani kwa wiki, na kama yanaweza kupakuliwa mahali penye mtandao yakasomwe Longech bila mtandao. Kisha omba jina la mtu utakayempigia simu mwezi mmoja baada ya mafunzo kwisha. Wakikosa kukupa jina, usilipe ada bado.