Kaure ya Uchina: Usikiamini Kitako

Geuza bakuli la kaure la Kichina, na mara nyingi utakuta kitakoni herufi sita za buluu. Anayejua kuzisoma huenda akakwambia limetengenezwa wakati wa Chenghua, mfalme wa nasaba ya Ming katika karne ya 15. Vyombo halisi vya enzi hiyo ni adimu mno. Kikombe kimoja kidogo kilichochorwa jogoo, tetea na vifaranga kiliuzwa mnadani Hong Kong mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 36 za Marekani. Mnunuzi, Liu Yiqian, akakinywea chai.

Pamoja na hayo, mkaguzi mzoefu huzipita herufi zile bila kusisimka. Wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kusini ulioshika biashara hii kwa karne nyingi, walizoea kuandika majina ya wafalme waliokwisha kufa. Wengi hawakukusudia kumdanganya mtu. Waliwaenzi mabingwa waliowatangulia. Mwaka 1677 mkuu wa wilaya alikataza hata kuandika jina la mfalme aliyekuwa madarakani, Kangxi, ati chombo kikivunjika jina lake litaishia jaani. Wafinyanzi wakarudi kwa Chenghua. Ndiyo maana yako mabakuli chungu nzima ya karne ya 17 yanayojitangaza kuwa ya karne ya 15, na hakuna tapeli aliyehusika.

Mkaguzi huanza na ukingo wa kitako, pale pasipopakwa ile ngozi ya kioo inayofunika chombo kizima. Hapo udongo uko wazi. Hutazama ulivyokatwa, chembe za mchanga wa tanuri zilizonata, na wekundu ulioachwa na chuma kilichoungua motoni. Hutumia lenzi kukagua viputo vya hewa ndani ya ngozi ile. Mikwaruzo nayo ina lugha yake: ya miaka ya matumizi huenda kila upande, mingine mirefu, mingine haionekani vizuri, ya msasa hulingana kupita kiasi. Waghushi huifubaza kaure mpya kwa asidi ili ipoteze ung'avu wake, na kwa mnunuzi mwenye pupa hilo hutosha.

Halafu huja maabara. Buluu ya kaure ni madini ya kobalti. Katika karne ya 14, chini ya nasaba ya Yuan, wafinyanzi walitumia kobalti kutoka ng'ambo, yenye chuma kingi na manganizi kidogo. Kobalti ya Uchina yenyewe imejaa manganizi. Mashine ya eksirei husoma uwiano huo bila kukikwangua chombo, kwa hiyo sahani inayodai kuwa ya Yuan huku buluu yake imejaa manganizi ina maswali ya kujibu.

Kipimo kingine huuliza chombo kilichomwa lini. Udongo una fuwele ambazo mionzi ya asili huzijaza nishati kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Moto wa tanuri, unaopita nyuzi 1,200, hufuta hesabu yote. Mtaalamu hutoboa kipande kidogo, hukipasha moto tena, na fuwele hutoa mwanga hafifu. Kadiri mwanga ulivyo mwingi ndivyo umri ulivyo mkubwa. Kwa kaure jibu hilo laweza kukosea kwa asilimia 20 au zaidi. Linatosha kutenga cha miaka 500 na cha juzi, halitoshi kumtaja mfalme. Tena matapeli wanajua mkaguzi hupenda kutoboa kitakoni, kwa hiyo hupandikiza kitako cha kale kwenye mwili mpya. Wengine hukipiga chombo mionzi ili kizeeke kwa siku moja.

Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki kaure yenyewe ndiyo kipimo. Magofu ya Gedi, Kilwa na Kunduchi hayana maandishi mengi yenye tarehe. Tangu mwanaakiolojia James Kirkman aanze kuchimba Gedi mwaka 1948, umri wa sakafu na kuta umekadiriwa kwa vigae vya Kichina vilivyomo. Kwangu mimi, kigae kilichofukiwa chini ya sakafu ni shahidi bora kuliko bakuli zima la mnadani, maana hakuna aliyekuwa na faida ya kukighushi. Lakini ushahidi wake una mpaka. Bakuli lililopamba zidaka za nyumba ya Lamu vizazi vitatu kabla ya kuvunjika huingia ardhini likiwa limechelewa karibu miaka mia. Na mabakuli yaliyojengewa kwenye nguzo za makaburi ya pwani yanatuambia tu kwamba kaburi si la kale kuliko bakuli.

Sarafu nayo ina mpaka huo. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na Uchina walipata Mambrui, kaskazini mwa Malindi, sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, 1403 hadi 1424. Mara ukazuka ubishi kama meli za Zheng He, amiri wa mfalme huyo, ndizo zilizoileta. Sarafu inathibitisha tu kwamba haikudondoka pale kabla ya 1403. Huenda ilikwisha kupita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu kwa miaka hamsini kabla ya kufika.