Kodi ya Jimbo Inavyokatwa kwenye Mshahara Marekani

Mfanyakazi wa Marekani kwa kawaida hutozwa kodi ya mapato na serikali mbili, yaani serikali kuu iliyoko Washington na serikali ya jimbo, na katika sehemu kubwa ya nchi hiyo fedha za kodi hizo hazimfikii mkononi, kwa kuwa mwajiri huzikata kabla ya kulipa mshahara na kuziwasilisha katika hazina zinazohusika. Utaratibu huo, unaoitwa zuio la kodi, unafanana na ule wa Lipa Kadiri Unavyopata ambao wafanyakazi wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaufahamu kwa herufi PAYE. Hata hivyo, katika nchi hizo sheria ya kodi ya mapato ni moja kwa nchi nzima, ilhali Marekani kila jimbo limejitungia sheria, viwango na fomu zake, kiasi kwamba wafanyakazi wawili wenye mshahara sawa na kazi sawa wanaweza kubaki na fedha tofauti kwa sababu tu mto au barabara imewatenganisha kimajimbo.

Kodi ya mapato ya majimbo ilianza kukusanywa kwa mafanikio mwaka 1911 huko Wisconsin, miaka miwili kabla ya katiba kurekebishwa ili kuiruhusu serikali kuu itoze kodi ya mapato kama inavyotozwa leo. Kwa miongo kadhaa raia alipokea mshahara wake wote, kisha akatakiwa kulipa deni la kodi mwaka uliofuata, jambo lililowaelemea wengi waliokwisha kutumia walichopata. Vita Kuu ya Pili ilipoongeza mahitaji ya fedha na kuwaingiza mamilioni ya watu wa kipato cha kawaida katika orodha ya walipakodi, serikali kuu ilianza kukata kodi kwenye mishahara mwezi Julai 1943, na majimbo yakaiga, Oregon likitangulia mwaka 1948. California lilichelewa hadi mwaka 1972, kwa kuwa gavana wake, Ronald Reagan, alishikilia kwamba raia anapaswa kuumia anapolipa kodi ili ajue serikali inamgharimu kiasi gani, ingawa hatimaye upungufu wa fedha katika hazina ya jimbo ulimlazimu kukubali. Hoja yake ilishindwa, lakini iligusa udhaifu wa kweli wa utaratibu huu, kwa maana fedha zinazochukuliwa kabla hazijaonekana ni rahisi kusahauliwa na mwenyewe.

Namna makato yanavyofanyika hueleweka vizuri zaidi kwa mfano wa Pennsylvania, jimbo linalotoza kiwango kimoja cha asilimia 3.07 kwa mishahara yote, mbali na nafuu inayotolewa kwa wenye kipato duni. Mfanyakazi wa jimbo hilo anayelipwa dola 2,000 kila baada ya wiki mbili ataona katika hati yake ya mshahara dola 124 za hifadhi ya jamii, dola 29 za bima ya afya ya wazee iitwayo Medicare, kodi ya serikali kuu inayotegemea hali ya familia yake, kisha dola 61.40 za kodi ya jimbo, ambazo kwa mishahara 26 ya mwaka mzima zinafikia dola 1,596.40. Majimbo mengine, kama vile California, hupandisha kiwango kadiri mapato yanavyoongezeka, na yapo tisa yasiyotoza kabisa kodi ya mapato kwenye mshahara, nayo ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Kutokuwepo kwa makato hayo hakumaanishi kwamba huduma za jimbo ni za bure, kwa sababu huko gharama huhamia kwenye vyanzo vingine, hasa kodi ya mauzo na kodi ya majengo na ardhi, ambazo hata mtu asiye na kazi huzilipa anaponunua bidhaa au anapopanga nyumba.

Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalitambui ni kwamba kiasi kinachokatwa ni makadirio tu, wala si kodi yenyewe. Anapoajiriwa, mfanyakazi hujaza fomu ya serikali kuu iitwayo W-4 na, katika majimbo mengi, fomu nyingine ya jimbo, akieleza kama ana mwenzi wa ndoa na watu anaowatunza, na kwa maelezo hayo mwajiri hukadiria makato. Huko Arizona mfanyakazi huchagua mwenyewe asilimia itakayokatwa. Mwaka unapokwisha, mwajiri hutakiwa kumpa, ifikapo Januari 31, hati iitwayo W-2, ambayo kisanduku chake cha 16 huonyesha mshahara unaohesabiwa na jimbo na cha 17 huonyesha kodi ya jimbo iliyokatwa. Kwa kutumia hati hiyo mfanyakazi huandaa ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, ambayo serikali kuu na majimbo mengi huitaka kabla ya Aprili 15 kupita, na hapo ndipo kodi halisi hujulikana. Aliyekatwa pungufu hulipa kilichobaki, na aliyekatwa zaidi hurejeshewa. Marejesho hayo, ambayo watu huyashangilia kana kwamba ni zawadi ya serikali, ni fedha za mfanyakazi mwenyewe zilizokaa katika hazina kwa miezi mingi, kwa kawaida bila riba.

Ugumu huongezeka pale mtu anapoishi katika jimbo moja na kufanya kazi katika jingine, kwa kuwa jimbo la kazi lina haki ya kutoza mapato yaliyopatikana ndani ya mipaka yake na jimbo la makazi lina haki ya kumtoza mkazi wake. Mji wa Louisville, ambao ni makazi ya Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, uko Kentucky kwenye ukingo wa mto Ohio, na ng'ambo ya mto ni Indiana. Majimbo hayo mawili yamekubaliana kwamba mshahara utozwe na jimbo la makazi peke yake, hivyo mkazi wa Indiana anayefanya kazi Louisville humpa mwajiri fomu ya msamaha ili asikatwe kodi ya Kentucky. Asipoijaza, atakatwa, na itambidi aandike ritani huko Kentucky ili arejeshewe. Hata akiijaza, kodi ya jiji la Louisville itaendelea kukatwa, kwa kuwa makubaliano ya majimbo hayaihusu. Pasipo na makubaliano ya namna hiyo, jimbo la makazi kwa kawaida hupunguza katika kodi yake kile kilicholipwa kwa jimbo la kazi.

Fedha zilizokatwa huwa ni amana mikononi mwa mwajiri, na katika majimbo mengi mkuu wa kampuni anayezitumia kwa shughuli nyingine anaweza kudaiwa binafsi. Anayehitaji tahadhari kubwa zaidi ni yule anayefanya kazi ya kuajiriwa huku akiandikishwa kama mkandarasi wa kujitegemea, kwa kuwa yeye hukabidhiwa malipo yote bila makato, kisha hutakiwa kulipa mwenyewe makadirio ya kodi kwa awamu nne kila mwaka, na huubeba mchango wote wa hifadhi ya jamii na Medicare, asilimia 15.3, ambao nusu yake ingelipwa na mwajiri. Malipo yanayoonekana manono mwezi Machi hugeuka deni mwaka unaofuata.

Kwa sababu hiyo, mfanyakazi hana budi kuisoma hati ya mshahara mstari kwa mstari, kuhakikisha kwamba jimbo lililoandikwa ndilo linalostahili, na kuzihifadhi hati zake zote, kwa kuwa ndizo ushahidi wake endapo mwajiri hakuwasilisha makato. Hata hivyo, mzigo huo usiachwe kwake peke yake. Jimbo lililojipa uwezo wa kuchukua sehemu ya ujira kabla mwenyewe hajaushika lina wajibu wa kumweleza, kwa lugha anayoielewa, limechukua kiasi gani, kwa hesabu gani, na afanye nini ili arudishiwe kilichozidi.